Picha ya mbali ni ya miguu

Ramazani amezikwa jana Kasongo, kwetu Kongo, na mimi bado nakataa. Tangu asubuhi nimeshika simu nikingoja sauti yake: "Mukubwa, uko? Fungua picha."

Kwa mnaonifuata hapa na hamkumjua: tulikaa dawati moja shuleni. Vita vilinitoa Kabambare, nikawa mkimbizi huku Kigoma, na huku nimezeekea. Yeye alibaki, akawa mpiga picha. Watu walimwita Ramazani Zumu. Wengi wetu tuliotawanyika tulipaona nyumbani kwa macho yake.

Alisafiri na kamera moja na lenzi moja tu. Zoom ndogo ya plastiki, inayoweza kuchukua bonde zima, kisha ukaizungusha kidogo ikakuletea kope za mtu. Aliifunga kwenye kipande cha kitenge, akaiweka ndani ya shati, akapanda nyuma ya pikipiki ya shemeji yake Masudi.

"Iko nyepesi kuliko kuku," alikuwa akisema. "Na haipigi kelele mu njia."

Mgeni mmoja mwenye begi la lenzi alimuuliza mbona yeye ana hiyo moja. Akamjibu: "Kubadilisha lenzi mu vumbi ya Kabambare ni kama kufunua chungu ya mboga mu upepo."

Aliwahi kunitumia picha mbili za wavuvi wa Nyangwe. Moja ilikuwa na Lualaba yote, mitumbwi midogo kama mbegu. Ya pili, mikono ya mzee mmoja ikifungua wavu, hadi kovu la kidole gumba linaonekana. Nikamuuliza alimfikiaje. Alicheka sana. "Mutu mwenye akili hatembei mu mutumbwi. Unakaa, unavuta zoom."

Alijua udhaifu wake pia. Mwanga ukipungua, lenzi ile ilikuwa mbishi, na pembeni picha zilififia. Basi alingoja ukungu uondoke, hata kama Masudi ameshawasha pikipiki na amenuna.

Sasa niwaambie habari ya mama yangu.

Alifariki mimi nikiwa tayari ukimbizini. Kwetu, Waislamu wa tangu zamani, kaburi halina jina. Jiwe la kichwani, jiwe la miguuni, basi. Jamaa mmoja alinipigia picha kwa simu: mawe mawili na majani. Niliitunza. Kila Ijumaa niliitazama na kumwombea mama.

Baada ya miaka, Ramazani alikwenda kupiga picha za harusi upande wa kijiji chetu. Nikamwomba apite makaburini. Aliwatafuta kwanza mabibi waliokuwa wamemwosha mama, wakampeleka. Kisha akanitumia picha tatu, kama kawaida yake: ya mbali, ya katikati, ya karibu.

Katika ile ya mbali niliona paa la msikiti, njia inayoshuka kijitoni, michikichi upande mmoja, kichuguu upande mwingine. Nililia kabla hata sijaona kaburi.

Halafu sauti yake ikaingia, taratibu. "Mukubwa, ile picha yako ya zamani, yale mawe iko ngambo ya pili ya njia, kwa kichuguu. Mama yako iko huku kwa michikichi. Kule ni Mama Zaina."

Mama Zaina! Jirani yetu, ambaye mbuzi wake walikula muhogo wa mama, na wawili hawa hawakusalimiana tena mpaka kufa.

"Ramazani," nikamwambia, "miaka yote hii nimemwombea Mama Zaina."

Alijizuia kucheka, kwa heshima. Kisha akashindwa. "Usihuzunike, ndugu. Pengine ni yeye alikuwa na lazima ya dua kupita mama."

Tulicheka, wazee wawili, hadi tukakohoa. Halafu akaniambia neno ambalo sijaliacha: "Picha ya karibu ni ya moyo. Ya mbali ni ya miguu. Siku utarudi, moyo hautakuonyesha njia."

Homa imemchukua kwa siku chache tu. Sikumzika. Sikukaa kwenye mkeka wa matanga. Jana jioni Masudi alinitumia picha ya kaburi: udongo mwekundu, mawe mawili. Hakuna kingine.

Nikampigia. "Masudi, asante. Lakini Ramazani iko wapi?"

"Iko hapa, Mzee! Mbele yangu!"

"Rudi nyuma."

"Nirudi mpaka wapi? Nyuma iko muhogo ya watu."

"Ingia mu muhogo, mwanangu. Mpaka njia ionekane."

Nilisikia majani yakikwaruza. Kisha sauti yake, imebadilika: "Mzee, simu haitoshi. Ngoja niende nikamate kamera yake."

Picha imefika leo. Imeinama kidogo, na pembeni imefifia. Naona mnara wa msikiti. Naona tanuri la matofali, na njia inakunja pale kushoto. Naona pikipiki imeegeshwa mwisho wa shamba, na kati ya vituta vya udongo vilivyokwisha kuota majani, kimoja ambacho bado ni chekundu.

Ndugu yangu, miguu yangu haina nguvu tena, lakini sasa inajua. Kutoka msikitini, kushoto kwenye tanuri, hadi muhogo unapokwisha. Nimewaonyesha wanangu. Nikishindwa mimi, wao watafika kwako, na hawatamlilia jirani.

Lala sasa, Ramazani. Njia ya kwako inaonekana.