Jungu la Msiba na Waya Mwekundu

Mama yangu ni Tumpe, mzaliwa wa Kinyala. Baba yangu ni Ambokile, mzaliwa wa Kisondela, nami nilizaliwa huko huko Kisondela. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu, kisha uandike harufu: magadi, kutu iliyolowa, na kitu kama damu ya kuku iliyolala ndooni. Hadi leo nikiikumbuka nasogeza sahani. Ilitoka katika jungu la chuma, pana kiasi cha kuogea watu wazima wawili, ambalo babu mzaa baba alilitunza kwa ajili ya misiba ya kijiji kizima. Masika ya mwaka mmoja, nikiwa mtoto, lilikuwa limeota kutu hadi waombolezaji wakatema maharage.

Fundi Sefu wa Tukuyu, ambaye wazazi wake walitoka pwani, alilijaza maji ya magadi, akaning'iniza jembe bovu katikati lisiguse jungu, akaacha betri mbili za lori ili umeme uitoe kutu. “Mzee, waya mweusi kwenye jungu, mwekundu kwenye jembe. Ukigeuza, umeme utalila jungu.” Alipoondoka, babu akageuza, mwekundu kwenye jungu. “Kutu ni nyekundu,” alisema, “itamfuata mwekundu mwenzake itoke junguni.” Mama aliyasikia na kuyaona yote akiwa nyuma ya migomba. Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakumsogelea baba mkwe wala hakumsemesha, na baba alikuwa safarini. Akanituma: “Kimbia, mwambie babu nyaya zimegeuka.”

Mjumbe hauawi, nami sikuogopa kuuawa. Niliona kinyaa. Povu la kahawia, zito kama kamasi, lilikuwa likifurika ukingoni na nzi wamenasa ndani yake, naye babu ameketi kando akila ndizi. Niliishia nusu ya ua, nikarudi.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Kasemaje?”

“Kasema sawa.”

Siku ya nne fundi alirudi, akamwaga tope lile jekundu. Jembe bovu liling'aa; jungu lilikuwa limetoboka kitako. “Mzee, umeliosha jembe ukalila jungu!” Mama alinitazama tu, hakunitaja. Kijiji kikamwita babu Mpika Jembe hadi alipokufa, na maharage ya msiba wake yakapikwa katika jungu la kuazima.

Leo mama yako, mke wa mwanangu, humpigia mume wangu simu, humwambia wazi kwamba amekosea, naye mume wangu hucheka. Desturi hiyo hainipendezi hata kidogo. Lakini uongo wa mtoto haupati tena pa kukaa katikati yao.

Jungu lipo bandani. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Bulyaga wakija, usiwape. Usilipake rangi, wala usilizibe tundu. Atakayeuliza ni nani aliyelitoboa, usimtaje babu yangu. Nitaje mimi.