Damu Isiyo na Vidoa

Ukoo wa baba ulijulikana kwa vidoa vyeusi midomoni, mithili ya wino uliorukia. Mtoto akianza kutembea, shangazi, dada mkubwa wa baba, alimkunjua mdomo mbele ya wanawake wa nyumba yetu ya Kariakoo. Akiviona, vigelegele. Kwangu hakuona kitu.

"Wifi," alimwambia mama, "wino wa huyu umebaki nyumba gani?"

Wakacheka. Mama aliishi na kicheko kile. Baba alipokufa kwa utumbo uliojikunja, shangazi aliagiza wapwa zake ndio washuke kaburini kumpokea, mimi nisiguse. Nilisimama pembeni na konzi ya udongo, nikijiuliza kama hata udongo nina haki nao.

Nilimaliza chuo wakati serikali imeacha kuwapangia wahitimu kazi, na mtaa mzima unauza vitu vya kwenye makontena. Mimi niliuza mawazo, bila mnunuzi. Ndipo binti wa shangazi akanifuata kwa siri. Mwanawe wa kiume, wa miaka sita, alikuwa ameota matiti. Watu wazima walicheka, "Biskuti za Dubai hizo!" Watoto walimwita mwali. Shangazi alimpaka dawa za mizizi.

Tulimpeleka hospitali, Upanga. Daktari alimtazama midomo kabla ya kifua. Akauliza nani mwingine ana vidoa, nani amekufa kwa tumbo. Kisha akaeleza: vidoa hivyo ni dalili ya ugonjwa wa kurithi, unaoleta vinyama kwenye utumbo. Mara chache humletea mtoto wa kiume uvimbe kwenye korodani, unaotengeneza homoni za kike.

"Mtoto wa mgonjwa anaweza kuukosa?" niliuliza.

"Wengi huukosa. Inategemea amerithi nini."

Nilirudia maneno hayo njia nzima, nikihofia nimeyasikia vibaya.

Kabla ya upasuaji, ndugu walitakiwa kuchangia damu. Wenye vidoa walikwenda kwa madaha, wakarudishwa: damu yenu wenyewe haitoshi, vinyama vinavuja ndani kwa ndani. Waliobaki, kundi lao halikulingana na la mtoto. Langu lililingana.

Shangazi alinikuta kwenye benchi la nje ya maabara.

"Mwanangu, kunja mkono wa shati, mtoto asubiri nini?"

"Shikamoo shangazi. Damu yangu si ya ukoo wenu."

"Marahaba. Acha utani, mjukuu wangu ataharibika!"

"Sifanyi utani. Mama yangu yuko pale. Mwambie ulichomsingizia."

Binti yake alinishika mkono, analia. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zote: daktari alisema upasuaji ni kesho, damu hata jioni ingefaa. Nilikuwa na muda wa kuwa mbaya.

Shangazi alimsogelea mama. "Wifi, mtoto ni wa kaka yangu. Nilikusingizia."

Mama alinyanyua ushungi wake begani. "Nimesikia."

"Wanaume hawajasikia," nilisema. Walikuwa mlangoni, walewale walionizuia makaburini. "Rudia, shangazi. Kwa sauti ile ya vigelegele."

Alirudia. Sauti ilimkatika katikati, nikamsubiri amalize.

Ndipo nikaingia maabara kutoa damu. Mtoto alipasuliwa akapona. Binti wa shangazi hanisemeshi tena. Anasema nilimfanya mwanawe mateka. Nimewaza sana kama ana haki. Huenda anayo. Lakini mama, tangu siku ile, ndiye anayekwenda kwenye harusi zao na kukaa mkeka wa mbele.