Ndoo ya Zuhura ilijaa, tanki la mama yangu likaisha: kanuni ya mjini niliyoipeleka Newala

Wakuu, salaam.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya likizo fupi ya mwezi wa tisa, nilifungua valvu ya tanki la maji la mama yangu, nikapanda bodaboda nikaondoka. Saa kumi jioni tanki lilikuwa tupu.

Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonishusha. Atakayeona ni chai, aione hivyo. Mimi nilikuwepo.

Nianze nyumbani, kwa sababu kosa lilianzia huko.

Mimi ni fundi wa mafriji, naishi Mtwara mjini. Umri wangu ni miaka arobaini na nane. Ufundi sikusomea chuo. Nilijifunza kwa vitabu vya zamani na kwa kufungua vitu vilivyokwisha kuharibika. Nina mke na watoto wawili: Zuhura ana miaka minane, Shafii ana minne.

Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa mgao, na saa yake haijulikani. Yanaweza kuja alfajiri, yanaweza kuja mchana watoto wakiwa wanakula. Ukilala umepitwa.

Kwa hiyo niliweka kanuni, nikaiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani uani:

Ukifungua koki ukakuta hakuna maji, usiifunge. Weka ndoo chini yake. Ukisikia maji, ita watu.

Uani kwetu pana sakafu ya saruji na ndoo ni ya bati. Maji yakianza kutoka, kelele yake husikika hadi chumba cha mbele. Kanuni hiyo ilitusaidia kwa miaka miwili. Zuhura ndiye aliyeishika vizuri kuliko wote. Mama yake akijisahau na kufunga koki kavu, Zuhura huifungua tena bila kusema neno. Nilikuwa nikimsifia mbele ya wageni.

Sasa twende Newala.

Mama yangu anaishi kijiji kimoja upande wa Kitangari. Yuko juu kabisa uwandani, na wanaopajua huko wanajua habari ya maji. Chemchemi iko bondeni, kushuka ni rahisi, kupanda na ndoo kichwani ni jambo jingine. Kwa hiyo watu huvuna maji ya mvua kwenye mabati wakati wa masika, wakayala kidogo kidogo mpaka mvua zirudi. Nimeandika kuyala kwa makusudi, ndivyo mama anavyosema.

Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia tanki la plastiki la lita elfu tano, likawekwa nyuma ya nyumba juu ya msingi wa mawe. Baadaye magoti yake yakaanza kumsumbua, nikavuta bomba la nusu inchi kutoka kwenye tanki hadi nje ya jiko, upande wa pili wa nyumba, nikaweka koki. Penye tanki nikaweka valvu. Kazi ilikuwa safi, hakuna kiungo kilichovuja hata tone.

Mama alishukuru, lakini kila akitoka nyumbani, hata akienda kumjulia hali jirani, alizunguka nyuma akafunga valvu. Nilimwambia haina haja, koki inatosha.

Akasema, "Koki iko mbele, kila mkono unaifikia. Huku nyuma nafika mimi."

Niliona ni woga wa wazee.

Tulifika Jumapili. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa na wasiwasi na matumizi ya watoto, na alikuwa sahihi. Watoto wa mjini, hata wa mgao, hawajui maji yanayohesabiwa. Mama aliwakalisha jioni ile ile kando ya tanki.

"Haya maji yapo humu tangu masika," akawaambia. "Ni wazee. Hamyachezei."

Shafii akaliangalia tanki, akasema, "Shikamoo maji."

"Marahaba," mama akajibu kwa niaba. "Sasa nenda kacheze mbali."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mtoto anaogeshwa amesimama ndani ya beseni, na maji yanayobaki humo yanamwagiwa mpapai. Maji ya kuoshea mchele wanapewa kuku. Mswaki ni kikombe kimoja, nusu. Yeye mwenyewe alikuwa akitumia madumu mawili kwa siku, lita arobaini. Nilipanda juu nikapima kwa fimbo: juu ya tundu la kutolea maji palikuwa na lita elfu tatu hivi. Kwa kasi yake zingemfikisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza kukaribia. Sisi wanne tungekaa siku tano tu, na nilikuwa nimeshapanga kumfidia.

Kwa kifupi, wakuu, tanki lile ndilo lililomwezesha mama kuendelea kuishi kwake. Bila hilo ni bonde, na bonde kwa magoti yale lisingewezekana.

Jumanne asubuhi tulikwenda shambani wote kuokota korosho. Msimu ulikuwa ndio unaanza. Wakati huo kijiji kinabaki na mbuzi na wagonjwa. Hata majirani wa karibu walikuwa mashambani mwao.

Saa moja, wakati tunatoka, mama alizunguka nyuma akafunga valvu kama kawaida yake. Hilo nililiona. Ambalo sikuliona ni kwamba dakika chache baadaye Zuhura alimpeleka mdogo wake penye koki kumnawisha uji mikononi.

Saa nne korosho zilikuwa nyingi na magunia hayakutosha. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda kuchukua mengine. Ilibidi pia nipitilize hadi Newala mjini kununua kamba. Dereva alibaki barabarani, injini inanguruma. Nilichukua magunia, nikatazama saa, nikawaza: hawa watarudi wamechoka, mama ataanza kuzunguka nyuma na magoti yake. Nikaenda penye tanki, nikafungua valvu, nikaondoka.

Sikwenda jikoni. Ni hatua kama kumi na tano kutoka pale nilipokuwa.

Saa kumi tulirudi sote. Mama ndiye aliyetangulia jikoni. Alirudi na sufuria tupu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umefanya nini na maji?"

Koki ilikuwa wazi, haitoi kitu. Nilikimbia nyuma, nikapanda, nikachungulia. Yalibaki yale ya chini ya tundu, ambayo hata kikombe hakiyafikii.

Chini ya koki hapakuwa na dimbwi. Udongo wa kule ni mchanga mwekundu, unakunywa tu. Palikuwa na unyevu wa upana wa mkeka na kuku wawili wakichakura. Ndoo ilikuwepo imejaa hadi mdomoni, lakini sikuitilia maanani. Nilidhani mama ndiye aliyeiacha hivyo.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kufikiri, nilitafuta mtu.

Jirani wa mama anaitwa Mama Issa. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka shambani na tenga kichwani. Wanawe huja kunywa maji kwa mama, jambo la kawaida. Nikamsimamisha.

"Shikamoo, Mama Issa. Leo watoto walipita hapa kwetu?"

"Marahaba. Watoto nilikuwa nao shambani. Kuna nini?"

"Maji ya mama yameisha. Mtu kaacha koki wazi."

Alitua tenga chini, taratibu.

"Baba Zuhura, unaniuliza au unanishitaki?"

"Nauliza tu."

"Mimi nikitaka maji kwa huyu mama nabisha hodi. Miaka yote nabisha. Wewe bomba lako lina miaka miwili hapa, ndiyo limeleta polisi?"

Mama akasema kutoka jikoni, bila kupandisha sauti, "Muombe radhi huyo kabla hujajua. Ukishajua, utamuomba tena."

Kusema kweli, sikuwa tayari kuomba radhi. Nilikuwa bado napiga hesabu: nani alikuwa kijijini, saa ngapi.

Zuhura alikuwa amesimama kando ya mama yake, mabibo yamempaka madoa gauni zima. Akaniuliza:

"Baba, ndoo yangu ilijaa?"

Hakuuliza kwa woga. Aliuliza kama anavyouliza nyumbani, anaposubiri kuambiwa amefanya vizuri.

Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinama akamuuliza, "Wewe ndiye uliyeiweka?"

"Asubuhi. Koki ilikuwa kavu, nikaiacha wazi, nikaweka ndoo. Kama Baba alivyoandika."

Mama Issa alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akacheka, na hakuficha.

"Kumbe mwizi kafundishwa," akasema. "Tena kwa maandishi."

Nilimuomba radhi pale pale, mbele ya watoto. Akasema yameisha. Kisha akaongeza, "Ila mwambie mwenye kuandika aje asome na huku kwetu." Jioni hiyo hiyo alituletea dumu moja kutoka kwenye akiba yake. Wanaoishi uwandani wanajua dumu moja mwezi wa tisa lina maana gani. Nyumbani kwake wako watu saba.

Zuhura alielewa polepole. Alipoona bibi yake anapimia maji ya ugali kutoka kwenye ile ndoo, akauliza kama yaliyobaki ni hayo tu. Mama akamwambia ndiyo. Mtoto alikaa mlangoni na hakula.

Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini mama alinitangulia. Alikaa karibu naye na sahani.

"Nani alifunga valvu?" akamuuliza.

"Wewe, Bibi."

"Nani aliifungua?"

Zuhura alinitazama, akasita.

"Sema tu. Hapigwi mtu."

"Baba."

"Basi kula. Mwenye deni yupo, tena ni mtu mzima."

Akala.

Kesho yake nilijaribu koki kwa maji ya dumu moja niliyoyapandisha tankini. Lita ishirini zilitoka kwa dakika mbili hivi. Ni lita kumi kwa dakika, kwa hiyo elfu tatu ni saa tano. Mimi nilikuwa nimeziacha kwa saa tano na dakika arobaini. Hesabu inakubali, hakuna mtu mwingine aliyehusika. Nilimwonyesha mama karatasi. Akasema yeye alishajua tangu jana bila karatasi.

Nilipendekeza aje kukaa na sisi mjini mpaka mvua.

"Kwa sababu umemwaga maji yangu, nihame mimi?" akauliza. "Yarudishe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu zilizobaki za likizo nilizimaliza kutafuta maji. Siku ya kwanza tuliishi kwa madumu ya bodaboda. Siku ya pili na ya tatu nilipata mtu mwenye pikapu anayebeba lita elfu kwa safari, akaja mara tatu. Tuliyachuja kwa kitambaa kabla ya kuyamimina. Ijumaa mchana nilipanda tena na fimbo, maji yakafika pale yalipokuwa. Mama naye alitaka aambiwe alama imefika wapi, akaniuliza mara mbili.

Koki niliibadilisha nikaweka ya kubonyeza, inayojifunga yenyewe ukiachia. Valvu mama anaendelea kuifunga, na sijasema tena kwamba haina haja.

Sasa, nilichojifunza.

Kanuni yangu ilikuwa sahihi kwa nyumba moja. Ilikuwa na masharti ambayo sikuyaandika kwa sababu niliyaona kila siku mpaka yakapotea machoni: lazima kuwe na mtu nyumbani, sakafu ipige kelele, na maji yanayotoka yawe ya leo, si ya kutunzwa miezi mitano. Mtoto alipewa amri bila sababu yake, akaibeba kama ilivyo. Angejua kwamba tunaacha koki wazi ili tusikie, angejiuliza nani atasikia wakati wote tuko shambani. Yuko darasa la tatu, ana akili ya kutosha kujiuliza hilo. Nilimpa cha kutii tu.

Tuliporudi Mtwara nilibandua ile karatasi. Kwa majuma mawili hivi Zuhura alikuwa akiomba ruhusa kabla ya kugusa koki yoyote, hata ya shuleni, mwalimu wake akamuuliza mama yake kulikoni. Sasa imepungua. Tumeandika karatasi mpya pamoja, mwandiko ni wake, na kila mstari una neno "kwa sababu".

Wenye watoto wadogo mnaowapeleka kwa bibi zao likizo, semeni na nyinyi: ni mazoea gani ya mjini yaliwaumbua huko? Wa Masasi na Newala nawasubiri zaidi. Mkitaka kunicheka, Mama Issa amewatangulia.

NYONGEZA: Kuna mkuu kauliza hapo chini hasara ilifika wapi. Pikapu safari tatu, kila safari elfu hamsini; madumu kumi ya bodaboda, kila dumu mia saba; koki mpya elfu kumi na tano. Hiyo ni laki moja sabini na mbili elfu.

Ila kuna kitu cha kutoa. Siku ya kuondoka, mama alimwita Zuhura akamwekea mkononi sarafu mbili, ya mia tano na ya mia mbili. Akamwambia ile ndoo aliyoitega ndiyo tuliyoipikia usiku ule, ilikuwa lita ishirini kamili, na yeye hachukui maji ya mtu bure wakati wengine wanalipwa. Zuhura alizipokea kwa mikono miwili. Njiani, karibu tunaingia Mtwara, akanipa mimi nizitie kwenye hela za pikapu. Nilizipokea.

Kwa hiyo hasara kamili ni shilingi laki moja sabini na moja elfu na mia tatu.