Marehemu Aliyebisha Hodi Saa Nne

Shemeji yangu alikuwa na siku tisa kaburini, na bado kila asubuhi, saa nne kamili, alikuwa anabisha hodi kwenye lango nililolijenga mimi.

Sitanii. Jina lake. Namba yake ya mgonjwa. Saa nne, bila kukosea hata dakika.

Shule niliiacha darasa la sita. Nilianza na redio mbovu, nikahamia kompyuta, lugha ya programu ya Java nikajifunza mwenyewe kwa ubishi tu. Hospitali moja ndogo ikaniita. Mapokezi wana programu yao, maabara yao, madaktari yao, na hakuna inayomsikiliza mwenzake.

Nikawaambia nitawajengea lango la API.

"Hiyo API inatibu nini?" mganga mkuu akaniuliza.

"Haitibu, bosi. Ni mlango mmoja. Kila ujumbe unapita hapo, lango linaupeleka panapohusika."

Nilitumia zana ya Java ya kuunganishia mifumo. Unaandika njia: ujumbe utoke maabara, ukaguliwe, uende kwa daktari. Wiki tatu, lango likaanza kazi. Nikawa natembea kifua mbele.

Ndipo shemeji akaja kupima damu. Akaambiwa arudi nyumbani asubiri simu ya daktari.

Simu haikuja. Siku ya tatu moyo ukasimama.

Dada yangu alimlaumu mtu mmoja tu, mama wa maabara, yule tunayemwita Hadubini. "Kakalia majibu ya mume wangu," akawa anasema kwa kila mtu. Hospitali ikampa Hadubini barua: Ijumaa saa nane ajieleze, la sivyo afungashe.

Baada ya msiba nikarudi kazini, nikafungua kumbukumbu za lango. Nikamwona. Jina, namba, na neno moja: daktari.

Nikajua kuna mtu anachezea faili la marehemu. Kesho yake nikazima kompyuta ya mapokezi. Saa nne, akaja.

Siku iliyofuata nikachomoa waya wa maabara.

Akaja.

Mtu mzima na mvi zangu, naogopa skrini, jua linawaka dirishani!

Nikamfuata Hadubini. "Mama, nani anamtafuta shemeji yangu humu?"

"Fundi, usinichokoze. Mimi majibu yake niliyatuma siku ileile aliyopima." Akageuza skrini yake. "Soma. Potasiamu kwenye damu imepanda mno, moyo unaweza kusimama, daktari ampigie mara moja. Na lango lako likanijibu nini hapo?"

Alama ya kijani. *Imepokelewa.*

"Kama limepokea," akasema, "lilipeleka wapi?"

Nilirudi kwenye meza yangu nikasoma njia niliyoiandika, mstari kwa mstari.

Jibu lisilo na tarehe ya kuzaliwa lisipite. Liwekwe kando. Lijaribiwe tena kila siku saa nne. Na aliyetuma ajibiwe *imepokelewa*.

Huo mstari wa mwisho niliuweka wiki ya majaribio, ili watu wasinisumbue kwa simu. Nikasahau kuutoa.

Shemeji hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa anajua mwaka wa mvua kubwa, basi. Tulikuwa tunamtania mezani kwamba yeye hazeeki. Mapokezi waliacha nafasi wazi.

Hakuna aliyekuwa anachezea faili. Lilikuwa jibu lake, linaomba kupita kwa daktari, na mimi nalifungia nje kila siku.

Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na wengine kumi na mmoja.

Ijumaa ikafika. Kufuta mistari ile na kumbukumbu zake ni kazi ya dakika moja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, siwezi kuwadanganya.

Saa nane nikaingia ofisini kwa mganga mkuu. Hadubini amekaa na barua yake mapajani. Dada kamkazia macho.

"Mwacheni huyu mama," nikasema. "Lango ndilo lililozuia majibu."

Dada akanigeukia taratibu. "Lango halina mikono, kaka. Sema vizuri."

"Ni mimi."

Hakulia. Alichukua mkoba wake akatoka.

Wewe unayejenga malango, usimwambie mtu ujumbe wake umepokelewa kabla hujaona umefika. Na unachokiweka kando, kipe mtu wa kukiangalia.

Majibu kumi na mawili yalikwama. Wagonjwa tisa waliitwa Ijumaa ileile, wakaja wakatibiwa. Wawili walikuwa wameshakwenda hospitali nyingine. Mmoja ni shemeji, miaka hamsini na kitu, hakuna anayejua hasa.

Ameacha watoto watatu. Mama yao ni dada yangu wa pekee. Huu ni mwezi wa saba hajapokea simu yangu.