Siku Wadhamini Wangu Walipokuja na Mkokoteni

Mwanangu, mambo mengi ya ujana wangu yamenitoka kichwani, lakini asubuhi ile wenzangu watatu waliposimamisha mkokoteni mbele ya mlango wangu pale Katesh bado naikumbuka. Nilikuwa nafua. Nilisikia magurudumu kwenye kokoto, nikainua macho, nikamwona Mama Zubeda mbele, Yustina anasukuma, na Mama Tluway nyuma, akitembea polepole kwa sababu ya goti lake. Nilijua wamefuata nini, kwa hiyo sikuuliza. Nilikamua nguo iliyokuwa mkononi, nikaianika, ndipo nikawakaribisha ndani. Nilimwamkia Mama Tluway shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda. Wale wengine hawakukaa.

Sikusimulii haya ili unihurumie. Ni ya zamani, na deni lilikwisha. Nasimulia kwa sababu siku hizi vijana wanakuja hapa kwangu, huyu anataka mashine ya kukamua alizeti, yule anataka kufungua saluni, na wote wana swali moja: Bibi, fedha ya kuanzia nitaitoa wapi? Jibu langu ni refu kidogo, na wengine huaga kabla sijalimaliza.

Mimi ni mzaliwa wa Masakta, kwa watu wa shamba. Nilipoolewa na Bura tulikaa Katesh, maana yeye alikuwa fundi wa kujenga na kazi zilikuwa mjini. Lakini masika fundi hana kazi, na watoto wanakula masika kama wanavyokula kiangazi. Nikaona lazima niwe na shughuli yangu. Nilikuwa nimeona jinsi kuku wa kienyeji wanavyogombaniwa Arusha, na jinsi kule Dirma, nyumbani kwa wakwe zangu, kuku wanavyozunguka uani bila mnunuzi. Baiskeli ya Bura ilikuwepo na miguu yangu ilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni fedha ya kununua kuku wa kutosha kujaza matenga. Ukipeleka kuku wachache Arusha, faida yote inaishia kwenye nauli.

Nilianza na benki. Kijana wa pale alinipokea vizuri, akaniuliza kama nina hati ya shamba. Shamba letu la Dirma kila mtu anajua ni la nani, na mpaka wake ni minyaa aliyoipanda baba mkwe kwa mikono yake, lakini karatasi hatukuwa nayo. Akauliza kama nina mshahara. Nikamwambia nataka kuuza kuku. Alicheka kidogo, si kwa dharau, akaniambia nirudi siku nikiwa na hati. Pale mjini alikuwepo pia mtu aliyekopesha kwa riba, na dhamana aliyoitaka ni mabati ya nyumba yako. Bura hakutaka hata kulisikia jina lake. Alisema yeye kazi yake ni kuezeka nyumba za watu, na ya kwake haitaezuliwa akiwa hai.

Ikabaki njia ya kikundi. Lilikuwepo shirika lililokopesha akina mama bila hati, mradi mdhaminiane. Mwenzenu akishindwa kurejesha, wengine mnamlipia, halafu mna haki ya kwenda kwake kuchukua vitu. Sisi tulikuwa wanne. Yustina tulikua naye Masakta, tumechota maji pamoja tangu utoto, na yeye alikuwa fundi cherehani. Mama Zubeda aliuza mitumba. Wazazi wake walitoka Kondoa kuja kufanya biashara, naye akazaliwa hapahapa Katesh. Mama Tluway alikuwa mkubwa wetu. Alifuga ng'ombe na kuuza maziwa, na ndiye aliyetuongoza.

Katika kikao cha kwanza kila mmoja alieleza biashara yake. Nilipomaliza kueleza ya kwangu, Yustina akauliza kuku wakifa itakuwaje. Mama Zubeda ndiye aliyejibu.

"Mimi sidhamini kuku," alisema. "Kuku anaweza kufa leo. Ninamdhamini Martina."

Tukaweka sahihi. Nilifurahi, mwanangu, na sikuyafikiria sana yale maneno.

Biashara ilikwenda. Nilizunguka Dirma kwa baiskeli, nikanunua kuku nyumba kwa nyumba, nikawajaza kwenye matenga, nikawapandisha basi la Arusha. Nilirejesha mkopo wa kwanza bila shida, na sisi wote tukapewa wa pili, mkubwa zaidi. Wa kwangu wote niliununulia kuku.

Hapo ndipo kideri kilipoingia. Wewe umekua wakati wa chanjo, huenda hujakiona. Kuku anainamisha kichwa, anaharisha kijani, shingo inajipinda, na kabla hujamaliza kumshangaa huyo wa kwanza, aliye jirani yake naye ameanguka. Matenga yalikuwa yamejaa, yanasubiri basi. Tuliotumaini kuwasafirisha tuliwafukia. Bura alichimba shimo nyuma ya nyumba, nami nikawa nawabeba. Jirani alinishauri niwauze haraka wale waliokuwa bado wanasimama. Sikuweza. Ningekuwa nawapelekea watu ugonjwa nyumbani kwao.

Kikao cha kikundi kilikuwa kesho yake. Sikwenda. Nilimtuma jirani aseme naumwa, na kweli nilikuwa naumwa, lakini si ugonjwa wa kunizuia kutembea. Wiki iliyofuata sikwenda tena, wala iliyofuata hiyo. Nikikutana na mtu wa kikundi sokoni nilipinda njia. Nilikuwa najiambia kwamba nikipata chochote nitakwenda nacho, ili nisiwe mtu wa kwenda mikono mitupu. Huku nyuma wenzangu walikuwa wanachanga mifukoni mwao kunilipia. Habari ya kideri hawakuwa nayo. Walichojua ni kwamba Martina haonekani. Mwishowe afisa mikopo akawaambia hakuna atakayepata mkopo mwingine mpaka deni langu liishe, na akawakumbusha haki yao ya kuchukua vitu.

Basi wakaja na mkokoteni.

Yustina ndiye aliyeanza kuongea. "Sina ubaya na wewe, Martina. Lakini shule zinafunguliwa, na vitambaa vya sare sijanunua. Fedha yangu imekwenda kwenye deni lako. Sare hazishonwi shule zikishafunguliwa."

Ndipo nikawaambia kwamba kuku wangu wote walikufa kwa kideri. Lakini Yustina alikuwa na haki, na mimi nilijua kuliko mtu yeyote kwamba msimu wa sare ndio uliomlisha mwaka mzima.

Walitoa kabati. Walitoa godoro letu, na redio ya Bura. Wanangu walikuwa wamesimama mlangoni wanaangalia, na mdogo akauliza kama tunahama. Walipofika kwenye baiskeli, Yustina aliiinua kuipakia. Mama Tluway akainuka kwenye kigoda, akalishika lile goti lake, akaenda mpaka kwenye mkokoteni na kuishusha.

"Hii inabaki," alisema. "Kabati haliwezi kutulipa zaidi ya bei yake. Huyu akiwa na baiskeli anaweza kutulipa deni lote."

Yustina alitaka kubisha, lakini mtu mzima alikuwa amesema. Kisha Mama Tluway akanigeukia. Nilifikiri atanifariji. Hakunifariji.

"Na wewe. Kuku wako wamekufa, jirani zako wamejua, sisi wadhamini wako tumekuja kuambiwa leo hapa mlangoni. Ungekuja siku ileile, tungekuja kukaa na wewe. Umejificha, ndiyo maana tumekuja na mkokoteni."

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti. Wakaondoka. Mwanangu, nimewahi kugombezwa na watu wengi, na mengi nimeyasahau. Hayo sikuyasahau.

Wiki hiyo nilikwenda kikaoni. Sikuwa na kitu mkononi, nikasimama nikaeleza yote, kuanzia kuku wa kwanza aliyeinamisha kichwa. Vitu vyangu vilikuwa vimeuzwa na vimepunguza deni, lakini kubaki lilibaki. Mama Zubeda aliniuliza nina mpango gani. Nikasema sina mtaji, nina baiskeli. Mama Tluway akaniambia kabla ya kufikiria kununua kuku mwingine nimfuate kwanza bwana mifugo, ambaye alimfahamu kwa sababu ya ng'ombe wake.

Bwana mifugo alinifundisha chanjo ya tone la jicho. Ni kitu rahisi, unamshika kuku, unamwekea tone moja jichoni, unamwachia. Kazi ni kuitunza dawa isipate joto njiani. Nilikuwa naifunga na kitambaa kibichi ndani ya kikapu, naondoka mapema jua likiwa halijawa kali.

Nikarudi Dirma. Sasa sikuwa mnunuzi, nilikuwa mtu wa kuomba mali kauli, yaani nipewe kuku leo, niuze, ndipo nilete fedha. Nyumba za kwanza zilinikatalia, na sikuwalaumu, maana habari za matenga yangu zilikuwa zimenitangulia. Mzee Gwandu, jirani wa wakwe zangu, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza hata habari ya mkokoteni. Alifikiri, akasema nichanje kwanza kuku wake wote, nisimlipishe, na nikirudi nikawakuta wazima atanipa majogoo wachache niwauze. Lakini fedha yake ifike kwake kabla sijanunua hata chumvi ya nyumbani kwangu.

Kuku wake walikaa salama. Akanipa wale majogoo. Sikuwapeleka Arusha. Niliwauza hapahapa Katesh kwenye hoteli, nikarudi na fedha yake siku hiyohiyo. Safari iliyofuata akanipa wengi zaidi, na mke wa jirani yake akaniita nimchanjie wa kwake. Ndivyo ilivyokwenda. Ilikuwa polepole, na nyumbani tulilala kwenye ngozi ya ng'ombe muda mrefu. Wapo walionipa kuku na wapo waliokataa mpaka mwisho. Lakini kila wiki nilifika kikaoni, hata pale nilipokuwa na kidogo cha kutia aibu. Deni likaisha. Baadaye nikajaza matenga tena, safari hii ya kuku waliochanjwa, na tangu hapo biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Ungependa niishie hapo, lakini kuna habari ya Yustina. Msimu ule wa sare ulimpita. Wateja wake walikwenda kwa mafundi wengine, na baadhi hawakurudi. Nilimlipa fedha yake yote, akapokea, akashukuru, kisha akajitoa kwenye kikundi. Tunasalimiana kanisani. Nilipofiwa na Bura alikuja, akapika na wengine, akaondoka. Lakini kuingia kwangu bila hodi kama zamani, hapana. Fedha niliyochelewesha niliweza kuirudisha. Msimu wake sikuwa na namna ya kuurudisha, na sijui ningemlipaje.

Kwa hiyo, mwanangu, hiki ndicho ninachokwambia. Benki ikikukataa kwa kukosa hati, usikate tamaa, na usikimbilie hii mikopo ya riba kubwa ya siku hizi mnayoiita kausha damu, wala hii ya kubonyeza kwenye simu, ambayo inakupa fedha haraka na hakuna mtu wa kukaa naye mkazungumza siku ukikwama. Anza na wanaokufahamu. Omba kidogo, rudisha siku uliyosema, hata kama nyumbani kwako hakuna chumvi, kisha omba tena. Kabla hujatia fedha ya mtu kwenye biashara, ujue kinachoweza kuiua, na ukikinge mapema, maana mimi nilijifunza chanjo baada ya shimo kuchimbwa. Kitu cha kufanyia kazi usikiweke rehani, na siku ukiwa wewe ndiye mdai, usimnyang'anye mwenzako cha kwake.

Lakini kubwa ni hili. Mambo yakiharibika, nenda kwa wadhamini wako siku hiyohiyo. Nenda mikono mitupu. Utaona aibu sana, lakini bado watakuwa na nafasi ya kujipanga. Ukichelewa, unakula na misimu yao pia, na wao wanakuja kusikia habari zako mlangoni kwako.

Mungu akupe watu wa kukuamini wakati bado huna kitu. Akupe miguu ya kuwafuata mapema siku utakapokuwa na habari mbaya. Na nyumbani kwao, siku hiyo, akuwekee kigoda.