Tiketi ya Manjano

Fomu ilikuwa na safu sita: wanaotembea kwa miguu, wenye baiskeli, wenye pikipiki, wanawake wenye watoto mgongoni, wenye ulemavu, na mwisho mizigo. Niliipenda mara nilipoiona. Nilikuwa karani wa stesheni ya reli kwa miaka mingi, na karatasi iliyopigwa mistari sawasawa hunituliza.

Aliyeileta alikuwa mshauri kutoka Kinshasa. Ofisi ya meya ilikuwa imepata msaada wa kupanga usafiri ambao kila mtu wa Kindu angeweza kuutumia, awe mzee, mjamzito, kipofu au asiyeweza kutembea, na mshauri ndiye angeandika mpango wenyewe. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye haraka. Alinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu, akanituma kukaa siku tano kivukoni upande wa Alunguli, nihesabu wanaovuka mto Lualaba kwenda Kasuku, ambako kuna ofisi na soko.

"Papa," aliniambia, "hesabu ikionyesha kwamba walemavu wanavuka hapa, nitaweka mteremko wa saruji kwenye mpango, kutoka barabarani mpaka majini. Isipoonyesha, sitakuwa na maneno ya kuutetea."

Sikumwambia, lakini nilijua mteremko huo ungekuwa wa nani. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama watu wote wa kwetu, alipooza miguu akiwa mtoto mdogo. Ni fundi wa kushona. Anaishi Alunguli, na cherehani yake iko Kasuku, kwenye baraza la duka la vitambaa. Kila asubuhi huja mpaka ukingoni kwa kigari chake cha magurudumu matatu, kile cha kuzungushwa kwa mikono. Pale ukingo umekatwa ngazi za udongo kwa jembe. Mwanaume mmoja humbeba mgongoni, wawili huteremsha kigari. Mvua ikinyesha, ngazi hugeuka sabuni. Katika masika ya kabla ya kazi hiyo mbebaji aliteleza, yaya akaangukia mkono, akakaa majuma matatu bila kushika mkasi.

"Nikianguka tena," alisema alipopona, "basi, njo nimemaliza na Kasuku."

Hakuwa akitisha. Cherehani ya mguu haimfai, ile ya mkono ni ya mwenye duka, na huko Alunguli hakuna wa kumpa nyingine.

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, wakati wa vita, kwa sababu kosa nililolifanya kivukoni nilikuwa nimeshalifanya mara moja. Treni ilikuwa imeacha kuja, nami nilikuwa karani kijana wa stesheni isiyo na treni. Mji ulizingirwa. Tulikimbilia kijijini, upande wa njia ya Kampene, tukakaa huko mpaka chakula kikatuishia, kisha tukarudi mjini na wengine. Nilimpakia yaya kwenye baiskeli ya mizigo, zile tunazozisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, nikampanga katikati ya magunia mawili ya mpunga. Karibu na mji kulikuwa na kizuizi. Asiye na kitambulisho alikuwa akitolewa kando, na waliotolewa hatukuwaona wakirudi. Kitambulisho cha yaya kilikuwa kimepotea msituni. Nikamfunika kwa mkeka na majani ya migomba, nikakaza kamba.

Askari akapiga baiskeli kwa fimbo. "Iko nini pale juu?"

"Mizigo, shefu. Mupunga."

Akapiga mara ya pili, juu kidogo. Nilisikia fimbo ikigusa kitu kisicho gunia. Yaya hakutoa hata pumzi. Tukapita.

Jioni, alipoona alama ya fimbo begani mwake, alicheka mpaka akakohoa. "Mudogo yangu, leo umenifanya mupunga." Tangu siku hiyo, nikimkosea, nikisahau kumnunulia uzi au nikichelewa kumfungulia mlango, huniuliza: "Leo mimi niko mutu ao mupunga?"

Basi nikakaa kivukoni na fomu yangu. Asubuhi mitumbwi ya injini hujaa minne kwa pamoja, watu wanasukumana, pikipiki zinapakiwa juu ya miguu ya wenye mitumbwi, na jicho moja halitoshi. Siku ya kwanza niliweka alama kwa kutazama. Yaya alipita, nikaweka alama yake. Walipita wengine wenye vigari, nikaweka zao pia. Jioni niliwaomba wenye mitumbwi vishina vya tiketi ili nihakikishe. Tiketi nyeupe ni za watu, na kwenye kishina huandikwa mtu, mtu na baiskeli, mtu na moto, yaani pikipiki. Za manjano ni za mizigo: gunia, bidoni ya mafuta, mbuzi, kigari.

Watu wa kwenye fomu yangu walikuwa wengi kuliko tiketi nyeupe. Stesheni walitufundisha kwamba asiye na tiketi hakusafiri. Nikachukua kifutio, nikafuta kwenye safu ya wenye ulemavu mpaka hesabu ikalingana. Vigari nikavinakili mahali vilipoandikwa, kwenye mizigo. Siku nne zilizobaki sikuhangaika tena kutazama. Nilinakili vishina tu. Nilijisifu kwa usafi wa karatasi.

Mpango uliposomwa mbele ya wakubwa wa mji, nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Kulikuwa na maegesho ya pikipiki, mistari ya rangi ya kuvukia barabara mbele ya ofisi, vibao vya kuonyesha njia. Mteremko haukuwamo. Watu walipotoka kunywa soda nilimfuata mshauri nikamuuliza. Hakukasirika. Alifungua jedwali kwenye kompyuta yake akanionyesha safu ya tano. Siku zote tano, sifuri.

"Hesabu ni yako, Papa."

Nilijaribu kumweleza. Mwenye kigari hakatiwi tiketi ya mtu. Ni desturi ya kivuko, ya zamani kuliko mimi: wanamhurumia, wanatoza kigari peke yake, mwenyewe anavuka bure. Mshauri alinisikiliza, akatazama saa. Ripoti ilikuwa imeshapokelewa, alisema, na ndege yake ilikuwa kesho.

Nilimkuta yaya anapepeta mchele uani. Nilimweleza bila kujitetea. Niliposema neno kifutio, aliweka ungo chini.

"Ulinifuta weye mwenyewe? Kwa mukono yako?"

"Hesabu haikulingana, yaya."

"Kule kizuizini ulinificha nisichukuliwe. Na hapa ulinificha nani asinione?"



Kesho yake alifika kivukoni mapema akasimamisha kigari mbele ya mwenye mtumbwi. "Nipe tiketi nyeupe."

"Mama fundi, tangu lini weye unalipa? Sisi tunakuhurumia."

"Huruma yako iko na rangi ya manjano. Leo nataka nyeupe."

Nyuma yake alikuwa muuza sabuni, naye mwenye kigari, mtu wa kelele na mizaha. Siku hiyo hakufanya mzaha. "Ee mama, usituharibie! Ukilipa weye leo, kesho atatulipisha wote!"

"Tunataka watuhesabu."

"Wahesabu nini? Muteremuko yenu haiko. Huruma iko."

Abiria walianza kupiga kelele. "Kata tiketi, patron, jua inapanda!" Mwingine akasema mama fundi ameamka vibaya. Yaya aliwaambia wabebaji wachukue kigari, yeye wamwache pale kwenye matope mpaka apewe tiketi. Mwenye mtumbwi alikuna kichwa, akatoa kitabu cheupe. Kalamu ikasita.

"Niandike nini? Mutu na kigari haiko humu."

"Andika mutu."

Hiyo ilikuwa miezi mingi iliyopita. Nimeandika barua mbili kwa ofisi ya meya pamoja na jedwali lililosahihishwa, mtu mmoja kwa kila kigari. Zote mbili zina muhuri wa kupokelewa. Karani wa pale, kijana mwenye heshima, huniambia mpango umeshatiwa sahihi na utaangaliwa upya wakati wake ukifika; wakati huo ni lini hajui, na mshauri hapokei simu yangu tena. Kati ya wenye vigari, wawili walimfuata yaya. Waliobaki wanavuka kwa manjano, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa muuza sabuni alisema kweli: mteremko hauko. Mistari ya rangi mbele ya ofisi imeanza kufifia.

Yaya anaendelea kulipia mara mbili, mwenyewe na kigari. Tiketi zake nyeupe anaziweka kwenye kopo la vifungo, na Jumapili ananikabidhi ninakili. Asubuhi nyingine nakwenda mwenyewe kivukoni na daftari la shule nililolipiga mistari kwa rula, safu sita. Sasa naandika kwa kutazama.

Juma hili mvua imenyesha usiku mbili mfululizo. Leo mbebaji alivua kandambili, akashuka ubavuubavu, akitafuta kila ngazi kwa kidole cha mguu. Katikati mguu wake uliteleza. Wote wawili wakayumba, yaya akashika shingo ya mwanaume yule kwa mikono miwili, wakasimama.

Akageuza uso kunitafuta juu ukingoni.

"Umeandika?"

"Nimeandika, yaya."

"Kwenye safu gani?"

Niliinua daftari, kidole kwenye safu ya tano, ili aone. Kutoka pale alipokuwa hakuweza kusoma, lakini alinitaka nilishikilie juu hivyo hivyo mpaka mtumbwi ulipoondoka.