Cheo Kisichoitwa

Sifa njema zote ni zake Mola, aliyetupa pumzi na anayejua ya mwisho ni ipi. Alitupa na ulimi ili tumtaje Yeye, nasi twautumia zaidi kutajana wenyewe kwa wenyewe. Namshukuru kwa umri mrefu, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo. Alinifunza kidogo kidogo.

Wajukuu wangu wanapiga katika ngoma ile ile aliyopiga babu yao hapa Morogoro. Siku hizi wana magitaa na saksafoni, na wenyewe wanaiita jazi. Hata hivyo, kabla ya kuanza hujipanga mstari kama walivyojipanga wazee wao, na kiongozi huita vyeo: kapteni, luteni, daktari, bwana shauri. Lakini kwanza, kabla hajaita cheo chochote, mpigaji wa ngoma kubwa hupiga pigo moja, wote wakanyamaza, ndipo majina yakafuata. Vijana wanadhani ni pigo la kuanzia tu. Mjukuu mmoja aliniuliza, "Bibi, mbona lile pigo halina jina?" Lina jina. Naandika ili walijue, na wajue lilivyotutia hofu.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani. Mume wangu alikuwa seremala karibu na stesheni, na alipenda tarumbeta kuliko chakula. Yeye na wenzake walianzisha ngoma ya beni kwa kuwaiga askari wa serikali. Walikuwa na tarumbeta moja ya shaba waliyouziwa na askari mzee. Nyingine walizitengeneza kwa vibuyu, wakaziba nyufa kwa nta. Bunduki zao zilikuwa za mti. Kila mwanachama alipewa cheo cha Kizungu, na mtu akishakipata hakuitwa tena jina la babaye. Mume wangu, kwa kuwa alipiga ile ya shaba, alikuwa Kaisari, kama mfalme wa Wajerumani.

Baba yangu, aliyetusomesha Kurani, hakupendezwa. "Mwanangu," aliniambia, "jina la mfalme si kofia ya kuvaa ngomani." Nilidhani anaogopa kiburi. Baadaye nilijua kwamba aliogopa jambo jingine.

Askari wa boma nao walikuwa na ngoma yao, na Kaisari wao alikuwa shaushi mmoja, yaani sajini, Mnyamwezi mrefu mwenye tumbo. Kila Idi ngoma hizi mbili zilikutana uwanjani, zikatukanana kwa nyimbo hadi jua likapungua. Wetu waliimba kwamba Kaisari wa boma akiinama kufunga buti, lazima aitiwe watu wa kumwinua. Wao waliimba kwamba Kaisari wetu analala na randa badala ya bunduki. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo matusi hayakuwa ugomvi. Lakini lile jina kila mmoja alilidai kuwa lake, na hapo palikuwa na ukweli kidogo ndani ya mzaha.

Vikaja vita. Majumbe waliamriwa kutoa wapagazi, na kila aliyeonekana ana mabega alichukuliwa. Wanaume wengi walipanda milimani wakajificha msituni, wake zao wakawapelekea chakula kwa njia za mzunguko. Sisi wa mjini tulijifunza kusema kwa sauti ya chini. Mtu akibisha mlango, kwanza tulitazamana.

Ni wakati huo mume wangu alipopatwa na homa. Ilimpanda mpaka akawa haongei na mimi bali na watu nisiowaona. Alikuwa akiiamuru ngoma yake, "Simameni sawa! Tarumbeta, mbele!" na maneno ya Kijerumani aliyoyasikia kwa askari. Nilimfunika kinywa kwa kitambaa cha maji, si kwa sababu ya homa peke yake.

Ngoma yetu ilikuwa na mpiga mbiu, mtu mwema asiyejua kunong'ona. Desturi ilikuwa kwamba mwanachama akiugua, yeye huwazungukia wenzake ili waje kumtazama. Akaenda sokoni siku ya gulio, mahali palipojaa watu waliotoka Mlali na vijiji vya mlimani na mizigo yao ya ndizi na mboga, akapaza sauti: "Enyi wanangoma! Kaisari yu mahututi! Kaisari haioni Ijumaa!"

Wanangoma walielewa. Wengine walielewa vingine.

Habari haina miguu lakini hutangulia mwenye miguu. Jioni ile Mlali walisema Kaisari wa Ulaya anakufa. Kesho yake, huko milimani, walisema amekwisha zikwa. Na kwenye njia ya Kisaki msafara mzima wa wapagazi uliweka mizigo chini. Msimamizi alipowafokea, mmoja akamjibu, "Kaisari amekufa. Mzigo wa nani tena?" Wakatawanyika porini, wakaacha masanduku ya serikali barabarani.

Boma likawaka hasira. Mpiga mbiu alikamatwa, akalazwa kifudifudi, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano ambavyo kila mtu wa zama zangu anavijua hata kama hakuvipata. Wala simlaumu kwa aliyoyasema alipokuwa chini ya kiboko. Alisema, "Kaisari niliyemtaja anakaa nyumba ya seremala."

Walikuja asubuhi, nikiwa nachemsha uji. Askari wawili walisimama mlangoni, na nyuma yao yule shaushi. Hakunitania. Hakuniita shemeji. Alimwangalia mgonjwa kitandani, akasema tu, "Anatakiwa bomani."

"Bwana Shaushi, hawezi hata kukaa."

"Basi abebwe."

Wanangoma wanne walikibeba kitanda chake mabegani, nami nikafuata nyuma. Watu waliokuwa barazani waliingia ndani na kufunga milango, kwa maana kitanda kilichobebwa hufanana na jeneza, nasi tulikuwa tunaelekea upande ambao si wa makaburini. Nilisoma Ayatul Kursi nikapotea katikati, nikaanza tena, nikapotea tena mahali pale pale. Niliisoma tangu utotoni, na siku ile ilinikimbia.

Hofu yangu ilikuwa moja. Mwili ule haungeweza kuhimili hata kiboko cha tatu. Na njia zote mbili zilikuwa na mwiba. Tukisema Kaisari aliyetajwa ni wa Ulaya, tumeeneza uongo wakati wa vita. Tukisema ni huyu seremala, basi mtu mweusi amejivika jina la mfalme wao, na nani ajuaye adhabu yake? Niliinama sikioni mwake, tukiwa tunatembea. "Baba watoto, ukiulizwa jina, taja jina alilokupa baba yako. Hilo tu. Umenisikia?" Midomo yake ilitikisika. Sikujua ananijibu mimi au tarumbeta zake.

Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenye boma, alikaa kwenye meza barazani, karani pembeni yake. Alikijua Kiswahili vizuri, ila alikitamka neno moja moja, kama mtu anayepanga matofali.

"Nani amesema Kaisari anakufa?"

Karani alichovya kalamu. Nilisikia nzi.

"Huyu mgonjwa ni nani? Wewe. Jina lako?"

Mume wangu alifumbua macho. Nilimwona akikusanya nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu homa ilipoanza macho yake yalikuwa matulivu. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, amenisikia.

"Kaisari," akasema.

Nilikaa chini pale pale kwenye changarawe. Bwana Mkubwa alisimama taratibu, uso umekuwa mwekundu kuanzia shingoni. Askari mmoja alikuwa ameshachukua kiboko kilichotundikwa ukutani. Sikuona alipoambiwa akichukue. Wanangoma wanne waliokibeba kitanda waliinamisha vichwa.

"Shaushi," Bwana Mkubwa alisema, "wewe unamjua mtu huyu?"

Yeye angeweza kusema hamjui. Lingekuwa neno jepesi, na hasara isingekuwa yake. Alisimama wima, buti zimegongana, jasho likimtoka chini ya kofia. Kisha akafoka kana kwamba amechomwa na kaa la moto:

"Namjua, bwana! Mwongo mkubwa huyu! Kaisari gani asiye na buti? Kaisari wa ngoma mji huu ni mimi!"

"Wewe?"

"Mimi, bwana! Huyu amejipachika tu. Ni mchezo wa ngoma, bwana. Kaisari wao ni seremala, jemadari wao anauza mihogo! Mpiga mbiu wao alitangaza homa ya seremala. Wajinga wa mlimani wakasikia mambo ya Ulaya."

Karani alikohoa akaufunika mdomo. Bwana Mkubwa hakucheka. Alimtazama shaushi kuanzia kofia hadi buti. Halafu akasema, tofali juu ya tofali:

"Kaisari ni mmoja. Yuko Ulaya. Ana afya njema. Semeni."

Tukasema sote, askari na wanangoma na mimi niliye chini: "Kaisari ana afya njema."

Na kutoka kitandani sauti dhaifu ikaitikia, "Alhamdulillahi."

Mpaka leo sijui kama alijua alisemalo. Kiboko kilirudishwa ukutani. Tarumbeta ya shaba na ngoma kubwa zilichukuliwa, zikawekwa ghalani bomani. Ngoma yoyote yenye Kaisari ikapigwa marufuku. Na pale pale, mbele ya askari aliokuwa akiwaamuru, shaushi, kwa kujiita Kaisari, alikatwa alama za cheo mkononi kwa kisu, akarudishwa chini kuwa ombasha, yaani koplo. Wakati nyuzi zinakatika alitazama mbele tu.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, tulisikia mtu uani.

"Hodi kwa maiti!"

"Karibu, Bwana Sha—"

"Ombasha, shemeji. Ombasha. Mumeo ameula ushaushi wangu, naye mgonjwa hana hata hamu ya uji!" Akaingia akainama mlangoni kwa shida, kama wimbo ulivyosema. "Wewe seremala, hujafa tu? Mluguru hata kufa mvivu."

Mume wangu alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kilichomtia kikohozi, lakini kilikuwa chake, na usiku ule homa ikaanza kushuka.

Nilimsindikiza mgeni hadi nje, nikamwuliza swali nililokuwa nimelala nalo. "Bwana, ulisema vile kwa huruma, au kwa wivu wa lile jina?"

"Ebo, shemeji! Nikubali Mluguru aitwe Kaisari mbele ya Mzungu, na mimi nimesimama hapo?" Akacheka. Lakini hakunitazama. Aliitazama miguu ya mume wangu, iliyoonekana kupitia mlango, jinsi ilivyokonda. Jibu jingine sikulipata, na nimeacha kulitafuta. Mola hupitisha rehema yake kwa mlango anaoupenda.

Waingereza walipokaribia, Wajerumani waliondoka kupitia milimani kuelekea kusini, na yule ombasha akaondoka nao. Aliwaaga wanangoma wetu kwa matusi. Hakurudi. Wengine walisema ni njaa, wengine ugonjwa. Hatukupata aliyeliona kaburi lake.

Vita vilipoisha, ngoma kubwa ilipatikana ghalani, ngozi yake imeliwa na panya. Tarumbeta ilikuwa imekwenda. Wenzake walimtaka mume wangu awe Kaisari kama zamani. Akakataa. "Cheo hicho kina mwenyewe," alisema. "Hajarudi." Wakawamba ngozi mpya, na siku ya kwanza ya kupiga, ilipofika zamu ya kuita cheo cha juu, mume wangu alipiga pigo moja, akanyamaza. Ndivyo ilivyobaki.

Siku moja mpiga mbiu wetu alikuja mbio, mgongo ukiwa na makovu yake, akisema kwamba yule Kaisari wa Ulaya naye ameanguka kitini. Mume wangu alimwambia, "Keti, ndugu yangu, unywe maji. Na useme polepole." Nami nilikwenda kufunga mlango. Mtu akipaza sauti sokoni hata leo, moyo wangu hushtuka kabla masikio hayajaelewa.

Ewe usomaye haya, Mola akukinge na neno lililotoka likapotoshwa njiani. Akujalie adui ambaye siku ya hatari ataona haya kukuacha, na akupe umri wa kumshukuru angali hai. Amina.